Chombo na Mwalimu: Kutoka Ubao wa Chuoni hadi Simu ya Mkononi Katika Unguja

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Mtoto wa Unguja husoma mahali pawili. Sehemu ya siku yake ni ya skuli, na sehemu nyengine ni ya chuoni. Mahali pote pawili, mjini na shamba, vyombo vipya vimeingia katika masomo: kompyuta, vishikwambi, na zaidi ya vyote simu ya mkononi. Kwa hiyo suala la elimu na vyombo vyake humfikia imamu kwa sura nyingi. Mzazi huuliza kama inatosha mwanawe kuhifadhi Juzuu Amma kwa kumsikiliza msomaji wa kwenye simu. Mwalimu wa chuo huuliza kama afukuze simu chuoni au aikaribishe. Mwanafunzi huuliza kama jibu la fiqhi alilolipata kwenye intaneti linamtosha, au lazima aende kwa sheikh.

Wengi wetu tunayajibu masuala haya kana kwamba hayajapata kuulizwa. Lakini Unguja imekwisha kuyajibu mara kadhaa, kila pale chombo cha kufundishia kilipobadilika: kutoka ubao kwenda kitabu cha chapa, kutoka herufi za Kiarabu kwenda za Kizungu, kutoka sauti ya mwalimu kwenda redio na kaseti. Makala hii inafuata njia hiyo ili tuone kilichowafaa waliotutangulia na kilichowadhuru. Hoja yetu ni moja: chombo kilileta kheri pale kilipokuja pamoja na mwalimu, na kilileta hasara pale kilipokuja badala yake.

MSAHAFU NA MSOMAJI WAKE

Tuanze na asili ya jambo lenyewe. Aya za mwanzo kuteremshwa, za Suratul Alaq, zimeamrisha kusoma, zimeitaja kalamu, na zimemtaja Mwenye kufundisha. Kwa hivyo kalamu, ambayo ni chombo, ina heshima yake katika dini tangu siku ya kwanza. Hata hivyo Qur'ani haikufika kwa Masahaba kwa njia ya karatasi. Waliipokea kwa masikio yao kutoka kinywani mwa Mtume (S.A.W.), naye akiipitia pamoja na Jibril (A.S.) kila Ramadhani.

Baada ya vita vya Yamama, vilivyoua wengi katika waliohifadhi, Abubakar (R.A.) aliamrisha Qur'ani ikusanywe katika maandishi. Zama za Uthman (R.A.) zikaandikwa nakala na kupelekwa katika miji mikubwa ya Waislamu. Hapa kuna jambo ambalo wanavyuoni wa elimu za Qur'ani wamelitilia mkazo: msahafu haukupelekwa peke yake. Riwaya zinaeleza kwamba kila nakala ilikuwa na msomaji wa kuwasomesha watu wa mji ule. Zayd bin Thabit aliwasomesha watu wa Madina, Abdallah bin al-Saib wa Makka, na Abu Abdirrahman al-Sulami wa Kufa. Khatti ya zama hizo haikuwa na nukta wala irabu kama tulizonazo leo, na bila ya msomaji maandishi yale yasingeliweza kulinda matamshi.

Wanavyuoni wa Hadithi nao waliiwekea elimu daraja kwa kuangalia njia iliyopitia. Ibn Salah, aliyefariki mwaka 643 H. (1245), ametaja njia nane za kupokea Hadithi. Ya kwanza ni kusikia kutoka kwa sheikh mwenyewe. Ya pili ni kumsomea sheikh naye akisikiliza. Ya mwisho kabisa ni wijada, nayo ni mtu kukuta maandishi ya sheikh bila ya kumsikia wala kupewa ijaza. Wijada haikutupwa. Ibn Salah mwenyewe ameona kwamba katika zama za nyuma watu hawana budi kuifanyia kazi, kwani masharti ya riwaya yamekuwa mazito. Lakini mwenye kuitumia hutakiwa aseme kwamba amelikuta jambo lake katika maandishi ya fulani, wala asidai kwamba amemsikia. Mizani hii tuiweke karibu, kwa sababu tutaihitaji tukifika kwenye simu.

UBAO WA CHUONI

Lugha yetu yenyewe ina ushahidi wa kihistoria. Katika Kiswahili cha zamani neno chuo lilikuwa na maana ya kitabu, na vyuo ni vitabu. Pahala vinaposomwa vitabu pakaitwa chuoni, na aliyezama katika vitabu akaitwa mwanachuoni. Sheikh Abdulla Saleh Farsy alipoandika tarehe ya masheikh wa Kishafi wa Afrika Mashariki, kitabu kilichotolewa mwaka 1972, aliwaita wanavyuoni. Kwa hivyo watu wa mwambao waliipa skuli yao jina la chombo chake.

Hata hivyo mtoto hakuanza na kitabu. Alianza na ubao wa mti, kalamu ya mwanzi na wino wa masizi. Mwalimu, mwanamume au mwanamke, alimwandikia somo lake. Mtoto alilisoma kwa sauti mpaka likakaa kifuani, akalisoma mbele ya mwalimu, kisha ubao ukaoshwa na somo jipya likaandikwa.

Tuutazame ubao huu kama chombo. Ulikuwa rahisi, ulitumika miaka mingi, na haukuhitaji kitu kutoka nje ya kisiwa. Lakini sifa yake kubwa ni kwamba ubao hauna ukurasa wa pili. Ukurasa wa pili ulikuwa mkononi mwa mwalimu. Mtoto hakuweza kuruka somo, wala kwenda mbele na kosa lake, kwa sababu hakuna kilichoandikwa upya mpaka kilichoandikwa kabla kimesikilizwa na kusahihishwa. Utaratibu wa kumsomea sheikh, ambao wanavyuoni wa Hadithi waliuweka daraja ya juu, ulikuwa umejengwa ndani ya chombo chenyewe.

Fiqhi nayo ilikipa nafasi chombo cha mwanafunzi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 H. (1277), ameeleza katika Minhaj kwamba mtoto asiye na udhu hazuiwi kushika msahafu na ubao, na akasahihisha kauli ya kujuzu kugeuza kurasa za msahafu kwa kijiti. Sababu ya ruhusa ya mtoto, kama wafafanuzi walivyoieleza, ni mashaka ya kumtaka mtoto adumu na udhu na haja yake ya kusoma. Hapa tunaona fiqhi haikuwa adui wa chombo. Iliangalia haja ya elimu, ikaondoa uzito pale palipokuwa na uzito.

Tusiutukuze ubao kupita kiasi. Wapo waliomaliza juzuu zote thalathini bila ya kufahamu neno, na wapo waliojifunza kuogopa fimbo kabla ya kujifunza herufi. Maulamaa wetu wenyewe waliliona hilo. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891-1947), aliyetoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na la al-Islah mwaka 1932, alitaka Waislamu watengeneze masomo yao na watumie vyombo vya zama zao, na yeye mwenyewe alitangulia kwa kulitumia gazeti kama darsa.

MATBAA YA SAYYID BARGHASH

Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alisafiri Uingereza mwaka 1875, akapita nchi nyengine za Ulaya na Misri. Alirudi akiwa ameona mengi. Miongoni mwa aliyoyaleta Unguja ni mtambo wa kupigia chapa, na ikasimama matbaa ya Kisultani mnamo mwaka 1880.

Inafaa tuzingatie kilichopigwa chapa pale. Ni vitabu vikubwa vya fiqhi na tafsiri vya madhehebu ya Ibadhi. Katika hivyo ni sehemu za Qamus al-Sharia cha Sheikh Jumayyil bin Khamis al-Saadi, kitabu kilichogawiwa juzuu tisini, na tafsiri ya Himyan al-Zad ya Sheikh Muhammad bin Yusuf Atfayyish wa Mzab, Algeria. Sheikh huyo alikuwa yu hai wakati kitabu chake kinatolewa Unguja, na aliishi mpaka mwaka 1914. Kitabu cha mtu wa jangwa la Algeria kikachapishwa katika kisiwa cha Bahari ya Hindi ili kisomwe Oman, Unguja na Afrika ya Kaskazini. Kabla ya matbaa, nakala moja ya kitabu kama hicho ingemchukua mwandishi miaka.

Kwa upande wa Mashafi, vitabu vya chapa vilifika kwa meli kutoka Cairo na Bombay. Je, kitabu cha chapa kilimwondoa sheikh? Jibu tunalipata Ukutani, katika Mji Mkongwe, alipokuwa akisomesha Sheikh Abdallah Bakathir, na kwa rafiki yake Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumait, aliyekuwa Kadhi wa Unguja. Wawili hawa walifariki mwaka mmoja, 1925. Walikuwa watu wa vitabu na wa safari. Ibn Sumait alikaa Istanbul na kupita Misri, na Bakathir alifika Hadhramaut, Java, na hata Cape Town, alikokwenda mnamo 1914 kusuluhisha mzozo wa Waislamu wa huko. Wanafunzi wao walikuwa na nakala za chapa mikononi. Lakini darsa ilibaki darsa: mwanafunzi anasoma, sheikh anasikiliza, anasita panapohitaji maelezo, na mwisho ijaza hutolewa kwa aliyestahiki.

Kitabu cha chapa kiliongeza wanafunzi, hakikumpunguza mwalimu. Zamani sheikh alikuwa na nakala moja na watu wakasikiliza. Sasa kila mmoja aliweza kufuata kwa jicho lake na kuuliza juu ya neno lenyewe. Kizazi cha wanavyuoni kilichotoka katika darsa hizo ndicho kilichobeba elimu ya mwambao katika karne iliyofuata.

SKULI YA SERIKALI NA MABADILIKO YA HERUFI

Sura ya tatu haikwenda vizuri kama hiyo. Mwaka 1905, katika utawala wa Sayyid Ali bin Hamud, ilianzishwa skuli ya Serikali, na miaka michache baadaye elimu ikawa chini ya idara iliyoongozwa na Waingereza. Pamoja na skuli zikaja dawati, ubao mweusi, chaki, na herufi za Kizungu kwa kuandikia Kiswahili.

Herufi hizo zilikuwa zimekwisha fika na wamisionari. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, akaandika sarufi na kupiga chapa vitabu vya Kiswahili kwa herufi za Kilatini. Kabla yake na kwa karne kadhaa, Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu: barua, mashairi, hesabu za biashara, wasia na hati za wakfu. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki, ikakichukua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kwa herufi za Kilatini.

Wazazi wengi, hasa wa shamba, walisita kupeleka watoto skuli. Waandishi wa serikali ya kikoloni mara nyingi walilieleza jambo hili kuwa ni ujinga. Lakini mzazi alikuwa na hesabu yake. Mtoto aliyejua herufi za Kiarabu alifungua kwa ufunguo mmoja msahafu, kitabu cha fiqhi na barua ya babu yake. Skuli ilimletea ufunguo wa pili, na haikumwambia nani atamlindia ule wa kwanza. Ushahidi kwamba tatizo halikuwa chuki ya elimu ni huu: Qur'ani ilipopewa nafasi ya kweli katika skuli za shamba, kuelekea miaka ya 1940, na walimu wa chuo wakaingizwa ndani ya skuli, watoto waliongezeka. Skuli ile ile na chaki ile ile vilikubalika vilipokuja na mwalimu ambaye wazazi walimwamini.

Hasara ya herufi, hata hivyo, ilibaki. Hatuna haja ya kuzilaumu herufi zenyewe. Kwa herufi hizi hizi Sheikh Abdulla Saleh Farsy (1912-1982) ametuachia Qurani Takatifu, tafsiri iliyokamilika kutolewa mwaka 1969, ambayo imeingia katika nyumba za Waislamu kote Afrika Mashariki. Hasara ni kwamba mlango wa zamani ulifungwa bila ya kuachwa mtu wa kuufungua. Leo kijana anaweza kusoma Qur'ani vizuri kwa herufi za Kiarabu, lakini akipewa barua ya Kiswahili ya babu yake iliyoandikwa kwa herufi zizo hizo hawezi kuisoma, kwa sababu hakufundishwa namna zilivyotumika kwa lugha yake. Hati za wakfu na kumbukumbu za makadhi zilizoandikwa kwa mkono zinahitaji mtaalamu. Na mwenye kufanya kazi ya wakfu au mirathi anajua kwamba hati isiyosomeka inaweza kupoteza haki ya yatima na ya msikiti. Haya ndiyo matokeo ya chombo kuja badala ya mwalimu.

SAUTI BILA YA MTU

Sauti ya Unguja ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Unguja ikapata televisheni ya rangi, miaka mingi kabla ya Tanzania Bara kuwa na televisheni yoyote. Kwa mara ya kwanza elimu iliweza kuingia nyumbani bila ya kupiga hodi. Bibi asiyetoka alisikia mawaidha, na mvuvi aliyekosa darsa alisikia tafsiri.

Huko Misri mwaka 1961 ilikamilika na kutolewa rekodi ya kwanza ya Qur'ani nzima kwa sauti ya Sheikh Mahmud Khalil al-Husary. Fikra hiyo ilisimamiwa na Labib al-Said, aliyetaka usomaji sahihi uhifadhiwe kwa sauti kama ulivyohifadhiwa kwa maandishi. Mwaka 1964 Cairo ikawa na redio mahsusi ya Qur'ani. Zilipofika kaseti, usomaji wa al-Husary na wa al-Minshawi uliingia madukani na majumbani katika mwambao wetu. Zikatoka pia rekodi za kufundishia, msomaji anasoma na watoto wanamfuatisha.

Tuseme haki: kaseti iliwasahihisha hata walimu. Mwalimu wa kijijini, ambaye naye alisomeshwa na mwalimu wa kijijini, huenda hakupata kusikia makhraj ya baadhi ya herufi kama inavyotakiwa. Kaseti ilimpa kipimo. Kwa kipofu na kwa aliyembali ilikuwa neema kubwa.

Lakini fiqhi ilikuwa imekwisha kutofautisha baina ya sauti na msomaji, karne nyingi kabla ya umeme. Mahanafi walizungumzia mtu anayesikia aya ya sijda kutoka kwenye mwangwi au kwa ndege aliyefundishwa, wakasema haimlazimu sijda. Mashafi walishurutisha kwamba usomaji uwe umekusudiwa, kwa hiyo usomaji wa ndege hauna sijda. Wanavyuoni wengi wa zama zetu wamelipimia hilo rekodi. Baraza la Fiqhi la Makka nalo liliamua mwaka 1406 H. (1986) kwamba adhana ya kanda haitoshi badala ya muadhini. Maana ya hukumu hizi si kwamba kinachosikika ni kibaya. Maana yake ni kwamba kwenye kanda hakuna mtu mwenye nia, na kanda haikusikilizi wewe. Al-Husary wa kwenye kaseti atasoma sawasawa siku zote, wala hatajua kwamba umekosea.

REDIO ILIYOMNGOJA MTOTO

Waliotengeneza masomo ya redio waliligundua jambo hilo hilo kwa njia yao. Mwaka 1974 huko Nicaragua yalianza masomo ya hesabu ya redio ambayo husema kisha hunyamaza, ili watoto wajibu na mwalimu aliyepo darasani awaongoze. Kenya ilijaribu njia hiyo kwa Kiingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Unguja na Pemba ilifika mwaka 2006, kwa vipindi vya Tucheze Tujifunze vya watoto wa maandalizi na madarasa ya mwanzo. Palipokosekana skuli ya maandalizi karibu, watoto walikusanywa kijijini chini ya mlezi aliyefundishwa kazi hiyo. Redio ilileta somo, na mlezi alimwona mtoto aliyebaki nyuma.

Hata kabla ya hapo, Waislamu wa mwambao walikuwa na mfano mwengine. Mpango wa madrasa za awali uliosaidiwa na Mfuko wa Aga Khan ulianza Mombasa mwaka 1986 na kufika Zanzibar mwaka 1990. Ulichanganya Qur'ani na masomo ya maandalizi, mara nyingi kando ya msikiti. Vyombo vyake vilikuwa makombe ya pwani, vifuu, mbegu na vitu vyengine vinavyookotwa. Fedha na juhudi ziliwekwa katika kumfunza mwalimu, aghalabu mwanamke wa mtaa ule ule.

Na yapo mazingatio mengine. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa kiasi cha miezi mitatu bila ya umeme baada ya hitilafu katika njia ya umeme kutoka Bara, na kabla yake, Mei na Juni 2008, ilikaa karibu mwezi mzima. Kompyuta isiyo na umeme haifundishi. Chuo kilichokuwa na mwalimu na ubao hakikuhitaji kufungwa. Kinyume chake kilionekana Machi 2020, skuli zilipofungwa kwa maradhi ya korona. Hapo mwalimu ndiye aliyezuiwa, na masomo yakapelekwa majumbani kwa redio na televisheni. Chombo kilisitiri mwanya, na watu wakashukuru. Lakini kila mzazi aliona tofauti ya mtoto anayetazama somo na mtoto anayeulizwa.

SIMU NA WIJADA YA ZAMA ZETU

Tangu waya wa intaneti wa chini ya bahari ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, simu imekusanya vyombo vyote hivi katika kiganja kimoja: ubao, maktaba, redio na kaseti. Humo mna misahafu, Minhaj na sherehe zake, na wasomaji wa visomo mbalimbali. Hati za mkono za Msikiti wa Riyadha wa Lamu zimepigwa picha katika mradi uliosaidiwa na Maktaba ya Uingereza, na mwanafunzi wa Unguja anaweza kuziona bila ya kupanda jahazi. Hii ni neema, na kuikataa ni kukataa matbaa ya Barghash.

Lakini tuitie simu katika mizani ya Ibn Salah. Kitabu unachokipata kwenye simu bila ya sheikh ni wijada: kinafaa, lakini sema umekikuta, usijidai umekisoma. Klipu fupi ya fatwa isiyo na mwanzo wala mwisho ni chini ya hapo, kwani swali lililoulizwa hulijui. Na jibu la programu ya akili mnemba liko chini zaidi. Mwenye wijada angalau anaijua khatti ya nani aliyoikuta. Programu hukusanya maneno ya wengi ikayatoa kama ya mmoja. Inaweza kumnasibishia imamu kauli asiyoisema, wala haina dhima mbele ya Allah (S.W.) kwa ilichokisema. Kumfutu mtu katika talaka au mirathi kwa jibu hilo ni kuchezea haki za watu.

Tofauti kubwa baina ya simu na ubao ni ile tuliyoitaja: ubao hauna ukurasa wa pili, na simu haina ukurasa wa mwisho. Mtoto anaweza kuruka kutoka sura moja hadi nyengine, na kutoka sura hadi mchezo, bila ya mtu kusema ngoja.

TUFANYE NINI

Kutokana na historia hii tunaona mambo manne yanayowezekana katika chuo chochote cha Unguja, hata kisicho na fedha.

Kwanza, simu itumike kusikiliza nyumbani, na chuoni mtoto amsomee mwalimu. Rekodi ni ya kutangulia, na kusikilizwa ni kwa mwalimu. Asipandishwe mtoto somo kwa kuwa amesikia, ila kwa kuwa amesikilizwa.

Pili, mwalimu atangulizwe kabla ya chombo. Msikiti ukipata msaada wa kununua vifaa, sehemu ya fedha imwendee mwalimu: posho yake na mafunzo yake ya tajwidi na ya kutumia chombo chenyewe. Uthman (R.A.) hakupeleka msahafu bila ya msomaji.

Tatu, kila programu na kila klipu iulizwe swali la wanavyuoni wa Hadithi: kutoka kwa nani? Ikiwa hakuna jina, hakuna kitabu wala madhehebu, ibaki kuwa habari, isiwe hukumu. Ama suala la udhu, wanavyuoni wengi wa zama hizi hawaihesabu simu kuwa ni msahafu, na mtoto alikuwa na ruhusa yake tangu zamani, kwa hiyo lisiwe sababu ya kumzuia mtoto kusoma.

Nne, kila chuo kikubwa kimfunze walau mwanafunzi mmoja kusoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu na khatti za mkono. Picha za hati tunazo, na wazee wanaozisoma wanapungua. Hapa chombo kimekwisha tangulia na kinamngoja mwalimu, na tukichelewa tutabaki na picha safi za maneno tusiyoyajua.

Kanuni ya fiqhi inayojulikana ni kwamba njia huchukua hukumu ya lengo lake. Lengo la elimu ni mtu kumjua Mola wake na kutekeleza haki za viumbe. Kila kilichowafikisha watu wa Unguja huko, uwe ubao wa mti au karatasi ya matbaa, kilikuwa chema. Tunamuomba Allah (S.W.) awarehemu walimu waliotuandikia mbao zetu, awape nguvu waliopo, na ajaalie vyombo tulivyopewa viwe hoja kwetu na visiwe hoja juu yetu.

Wallahu aalam.